Nguvu ya Kuimba Pamoja: Kwaya za Mwika na Maulidi Yetu

Atokaye Mombasa au Tanga kwenda kuzika Mwika hupita Himo, akapanda hadi Marangu Mtoni, kisha akaishika njia ya Rombo. Huko hewa ni ya baridi na nyumba zimefichwa na migomba na mibuni. Wachaga hawapendi kumwacha mtu wao ugenini. Hata akifia Dar es Salaam hurudishwa kwao akalazwa katika kihamba cha baba zake, hatua chache kutoka mlangoni. Basi watu husimama baina ya migomba, jeneza likiwa mbele yao, mchungaji amekwisha soma, ndipo kwaya ya usharika inapoanza. Wanawake huchukua sauti mbili za juu, wanaume mbili za chini.

Muislamu wa pwani aliyekwenda kumzika mkwewe, au jirani, au mwenzake wa kazi, husimama pembeni na kofia yake kichwani. Maneno yanayoimbwa si yake, na mengine katika hayo hawezi kuyakubali hata kidogo. Lakini koo humkaba, na machozi yakamtoka. Akirudi kwao huwa na swali ambalo hamwulizi mtu ila kwa sauti ya chini: nimesikia Yasini mara ngapi katika hitima za kwetu na macho yangu yakabaki makavu, imekuwaje nilizwe na wimbo wa kanisa? Je, imani yangu imeingia kasoro?

Swali hili halifai kuchekwa wala kufokewa. Nyumba nyingi za pwani zina jamaa Uchagani, kwa ndoa, kwa biashara na kwa kazi, na uhusiano huo si wa jana. Rebmann, mmishenari wa Kijerumani, alipouona Mlima Kilimanjaro mwaka 1848, aliyemwonyesha njia alikuwa mtu wetu wa pwani, Bwana Kheri. Misafara ya Waswahili ilikuwa ikipanda na kushuka mlima huo kabla ya kengele ya kanisa kulia huko. Tumezikana na tutaendelea kuzikana. Kwa hiyo yafaa tuujue wimbo ule ni kitu gani, umetoka wapi, na unamfanyia nini mwanadamu. Na tukimaliza kuwatazama wenzetu, tujitazame na sisi.

Misheni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893. Ilianzia Machame, kisha ikashika Mamba, ambako ni jirani kabisa na Mwika, na Moshi ya Kale. Jina la Leipzig msomaji asilipite mbio. Huo ni mji wa Ujerumani ambao J. S. Bach aliusimamia uimbaji wa makanisa yake makubwa tangu mwaka 1723 hadi kufa kwake mwaka 1750, na mpaka leo wanamuziki wa Ulaya wakitaka kujifunza namna ya kupanga sauti nne hurejea kwake. Wajerumani hawa walipokuja mlimani hawakuja na Biblia peke yake. Walikuja na kuimba. Na kuimba kwao kulikuwa na historia yake: kabla ya Martin Luther, aliyefariki mwaka 1546, uimbaji wa ibada katika Ulaya ya Magharibi ulikuwa zaidi kazi ya mapadri, watawa na waimbaji maalumu, kwa Kilatini, na raia walikuwa wakisikiliza. Luther akataka mkulima na mjakazi nao waimbe, kwa lugha yao ya jikoni. Alitunga nyimbo mwenyewe, na vitabu vya kwanza vya nyimbo hizo vilichapwa mwaka 1524. Katika mengi aliyoyabadilisha, ninaamini hili ndilo lililowashika watu wa kawaida kuliko yote, kwa sababu mtu hagombani kwa urahisi na jambo ambalo kinywa chake mwenyewe kimelitamka kwa raha.

Hapo pana fundisho, na nitalirudia baadaye. Kwanza niseme kasoro, maana kazi ya mhakiki si kusifu tu.

Nyimbo za Kijerumani zilipotiwa maneno ya Kichaga na ya Kiswahili, ziliumia, na zikaiumiza lugha. Kichaga ni lugha ya kupandisha na kushusha: neno likipandishwa mahali pa kushushwa laweza kuwa neno jingine, au likawa si neno. Tuni iliyotungwa Ujerumani haijui habari hiyo. Hupanda inapotaka yenyewe. Kiswahili nacho kina desturi yake, nayo ni kutia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Kijerumani mara nyingi humalizia mstari kwa silabi nzito. Likiwekwa neno kama "mwokozi" mwisho wa mstari wa namna hiyo, ile "ko" inayostahili uzito hupitwa mbio, na "zi" ambayo ni mkia tu hukalishwa kiti cha enzi na kuvutwa. Msikilizaji wa pwani, ambaye ametiwa masikioni mizani na vina tangu utotoni, jambo hili humkera hata kama hajui kulieleza. Ndiyo maana nyimbo nyingi za zamani za makanisa hutuingia kama maneno yaliyovalishwa koti la mtu mwingine. Koti ni zuri, lakini mabega hayalingani.

Wenyewe waliliona. Howard Olson, Mmarekani aliyefundisha katika chuo cha Kilutheri cha Makumira, karibu na Arusha, aliona haifai Waafrika kumwimbia Mungu kwa tuni za kuazima, akakusanya na kuhimiza nyimbo zenye mahadhi ya makabila ya Tanzania. Hapo hapo Makumira, mwaka 1966, mwanafunzi mmoja Mhaya, Bernard Kyamanywa, aliandika wimbo wa Pasaka uitwao "Mfurahini, Haleluya" kwa tuni ya kwao. Haukukaa Tanzania. Mwaka 1969 ulikwisha tiwa maneno ya Kijerumani, na siku hizi huimbwa katika makanisa ya Ujerumani na ya Marekani, na watu ambao wengi wao hawangeweza kuionyesha Bukoba kwenye ramani. Walioleta nyimbo wakaletewa wimbo. Itikadi ya wimbo ule si yetu, nasi hatufichi hilo, lakini kama kazi ya sanaa ni dhahiri kwamba maneno na sauti vimezaliwa tumbo moja, wala hapana silabi inayoburutwa.

Sasa tuje kwenye kiini: kwa nini kuimba pamoja humtingisha mtu?

Sehemu ya jawabu imo mwilini, tena ni nyepesi. Anayeimba hawezi kuvuta pumzi apendapo. Huvuta pale mstari unapomruhusu, na huitoa polepole kwa urefu wa mstari. Watu arobaini wakiimba wimbo mmoja, basi watu arobaini wanavuta pumzi pamoja na kuitoa pamoja. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, walipima mapigo ya moyo ya waimbaji wa kwaya, wakaona kwamba mapigo yao huharakisha na kupoa kwa wakati mmoja, kwa kufuata pumzi ya wimbo. Mwenye kuhudhuria halaka ya zikri hatashangazwa na habari hiyo. Wanatwarika wetu walikuwa wakiipanga pumzi kwa jina la Mwenyezi Mungu miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuleta kipimo.

Na jambo la kuinua sauti pamoja si geni katika dini yetu, wala halikuletwa na wamishenari. Katika mwaka wa 5 Hijria, Madina ilipozingirwa na Handaki lilipochimbwa, Mtume (S.A.W.) alibeba mchanga pamoja na Masahaba hata vumbi likamfunika tumboni, na walikuwa wakitamka kwa mahadhi beti za Abdallah bin Rawaha, naye akiinua sauti mwisho wa ubeti. Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Watu wale walikuwa na njaa, baridi na hofu, na adui yuko njiani. Hawakuimba ili wasikilizwe. Hapakuwa na msikilizaji. Waliimba kwa sababu mchanga ni mzito. Mabaharia wetu walioinua tanga la jahazi kwa wimbo wanaijua siri hiyo, na kina mama wanaotwanga wanaijua. Wimbo wa pamoja hugawa mzigo.

Kilio cha msiba ni mzigo pia. Watu wa Mwika wanapoimba kaburini huwa wanabeba kitu.

Lakini hilo laeleza nguvu iliyo kwa waimbaji. Mtu wetu wa pembeni, mwenye kofia, hakufungua kinywa. Yeye amelizwa na nini? Hapa sina mwalimu aliye bora kuliko Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111). Katika *Ihyaa* yake ametenga kitabu kizima juu ya kusikiliza na hali inayompata msikilizaji. Ametaja nyimbo za mahujaji, za wapiganaji, za maombolezo, za furaha ya sikukuu na arusi, akapima kila moja kwa kile inachokiamsha. Na shina la maneno yake, nikilieleza kwa lugha yangu, ni kwamba sauti nzuri haitii moyoni kitu kisichokuwamo, hukitikisa kilichokuwamo. Mwenye huzuni huongezewa huzuni, mwenye shauku huongezewa shauku, na mwenye uchafu uchafu wake huamka.

Amehadithia kisa cha mtumwa mmoja wa jangwani aliyefungwa minyororo na bwana wake. Mgeni alipouliza kosa lake, akaambiwa: ana sauti nzuri mno, aliwaimbia ngamia waliobeba mizigo mizito, wakakata kwa usiku mmoja mwendo wa siku tatu, na mizigo ilipoteremshwa wakafa. Mgeni akataka kuisikia sauti hiyo. Mtumwa alipoimba, ngamia aliyekuwa akivuta maji kisimani akakata kamba, na mgeni mwenyewe akaanguka kifudifudi. Ngamia hana madhehebu. Hakusilimu wala hakuritadi kwa wimbo ule. Kilichomwua ni kwamba aliisahau mizigo yake, lakini mizigo haikumsahau yeye.

Basi mtu wetu ajiulize: alikuwa na nini moyoni alipokuwa kihambani? Alikuwa na mkwe aliyempenda ndani ya jeneza. Alikuwa na mamaye aliyemzika miaka mitatu nyuma akajikaza asilie mbele ya watu. Sauti nne zilikuja zikatikisa hayo. Machozi yale hayakuwa ushahidi wa itikadi yoyote. Hilo lamfariji, nami napenda limfariji. Lakini lina upande wa pili ambao huwa hatupendi kuusikia. Ikiwa machozi ya Mwika si ushahidi kwamba imani yake imepungua, basi na machozi ya maulidini si ushahidi kwamba imani yake imezidi. Ghazali amelisema kwa mfano wa maombolezo yenyewe: kumlilia aliyekufa kwa namna ya kupinga kadari ni kulia kunakolaumiwa, na kujililia mwenyewe kwa mapungufu yako ni kulia kunakosifiwa. Sauti ni ile ile, na macho ni yale yale.

Na ile sehemu ya swali iliyomwumiza zaidi, ya Yasini na macho makavu? Imamu aliigusa pia. Aliuliza kwa nini watu waweza kutikiswa na mashairi kuliko wanavyotikiswa na Kurani, na hakuificha shida. Miongoni mwa majibu yake ni mazoea: jambo unalolisikia mara nyingi moyo hulizoea, na jambo geni hushtua. Akamtaja Sayyidna Abu Bakr (R.A.), ambaye aliwaona mabedui wakilia kwa kusikia Kurani mara ya kwanza, akawaambia kwamba na sisi tulikuwa hivyo, kisha nyoyo zikawa ngumu. Ikiwa Abu Bakr alisema hivyo, wewe na mimi tusijifanye. Mchaga wa Mwika ameisikia kwaya tangu akiwa mgongoni mwa mamaye, na pengine pale kaburini alikuwa akifikiria sufuria za wageni. Mlete Mchaga huyo huyo Lamu, asimamishwe katikati ya watu wakati wa kiyamu, udi ukifuka, marashi yakinyunyizwa, na sauti mia zikimpokea Mtume kwa pamoja. Usishangae akafuta macho kwa kiganja.

Tena watoto wetu wenyewe wameimba kwaya bila kuijua. Wimbo wa taifa wa Tanzania umetokana na utenzi wa kanisa ulioandikwa na mwalimu mmoja wa Afrika Kusini, Enoch Sontonga, mwaka 1897. Tanganyika iliuchukua ulipopatikana uhuru mwaka 1961. Ule wa Kenya umejengwa juu ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, watu wa Mto Tana, jirani zetu. Zote mbili ni dua kwa Mungu, na kila asubuhi mtoto wa chuoni na mtoto wa Jumapili husimama bega kwa bega wakaomba kwa mdomo mmoja, wala sijasikia mtu wa pwani aliyelalamika kwamba mwanawe amebatizwa kwa hilo. Neno lenyewe likikubalika, sauti haina ubaya. Penye neno lisilokubalika, ulimi hujizuia na adabu hubaki. Kusimama kwa heshima si kuimba.

Hapo nimekwisha mjibu aliyeuliza. Sasa mimi nina swali langu, nalo latuhusu sisi zaidi kuliko Mwika.

Mtafiti mmoja wa Kimarekani, Gregory Barz, alikaa na kwaya za Tanzania katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 akatoa kitabu juu yake. Aliloliona ni jambo ambalo kila Mkristo wa huku analijua: kwaya si genge la waimbaji tu. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwanakwaya akiugua hutembelewa, akifiwa huchangiwa, akioa huchezewa. Sauti nne hazipatikani kwa kukutana mara moja. Lazima mtu aje jioni baada ya kazi, ashike sehemu yake, asivutwe na sehemu ya jirani, na akikosea asahihishwe mbele ya wenzake bila kununa. Jioni hizo za mazoezi ndizo zinazowajenga, na wimbo wa Jumapili ni tunda lake. Kwa hiyo machozi ya mgeni yalikuwa na haki yake: alisikia watu waliokwisha zoeana kwa miaka.

Lakini huko pia mambo yamegeuka, na wenye kwaya wenyewe hulalamika. Vimekuja vinanda vya umeme, spika, mashindano, kanda, kisha video za wanakwaya waliovaa sare wakicheza mbele ya maua na magari. Usharika uliokuwa ukiimba wote sasa mara nyingi hukaa ukatazama. Luther aliwatoa watu katika kusikiliza akawatia katika kuimba. Kipaza sauti kinawarudisha walikotoka. Sisemi vyombo ni haramu au halali kwao, hiyo ni kazi yao. Nasema kama mhakiki kwamba wimbo wa watu arobaini wasio na spika, baina ya migomba, una uzito ambao video haiufikii, na sababu yake ni ile ya Handaki: hauimbwi kwa ajili ya mtazamaji.

Je, sisi? Tazama maulidi ya nyumbani yalivyokuwa. Barazanji, kazi ya mwanachuoni wa Madina wa karne ya kumi na nane, husomwa kwa milango, na mlango mmoja huachiwa mtu mmoja. Leo mzee wa mtaa, kesho kijana aliyehitimu chuoni. Kila mlango ukiisha, nyumba nzima hupokea kwa dua fupi. Asiye na sauti hupokea, asiyejua Kiarabu hupokea, mtoto anayesinzia hushtuka akapokea. Kwetu hapana sauti nne. Iko sauti moja, na anayeikosea hufunikwa na wenzake. Mimi naiona hiyo kuwa fadhila, si upungufu. Sauti nne humstaajabisha msikilizaji kwa ukubwa, lakini sauti moja ya kupokea haimfungii mtu mlango. Maulidi ya Homu ya Unguja huenda mbele zaidi: safu ya watu waliopiga magoti hupokea kwa kinywa na kwa mwili, wakiinama na kuinuka kama wimbi moja, na mmoja akichelewa safu nzima huonekana imevunjika.

Siku hizi mwenye shughuli huleta kundi la kasida, wakalipwa, wakafunga spika, wakaimba. Vijana wana sauti nzuri na sare safi, sikatai. Mahadhi yao mengine, mwenye masikio huyatambua, yametoka katika filamu za Kihindi, na sifa za Mtume (S.A.W.) zimeshonewa juu kama kiraka. Wageni hukaa wakala biriani, wakatikisa vichwa, wakainua simu zao kupiga picha. Umeme ukikatika kasida husita mpaka jenereta iwashwe. Barazanji haikupata kusita kwa ajili ya umeme.

Najua watakaoniambia: wewe walilia maulidi, na wako wanavyuoni wasioyakubali kabisa. Kweli wako, na si watu wadogo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, alitumia kalamu yake kupiga vita desturi nyingi alizoziona za uzushi, na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyefariki mwaka 1982, akafuata njia ya kukemea bidaa. Hitilafu hiyo sina daraja ya kuihukumu, na ukurasa huu si mahali pake. Lakini naona jambo moja ambalo pande zote mbili zingekubaliana: anayeyaona maulidi kuwa ibada hawezi kuifurahia ibada inayofanywa na watu wa kukodi, na anayeyaona kuwa uzushi hana sababu ya kufurahi kwamba uzushi umeongezwa spika.

Lamu ina habari ya kuzingatia katika hili. Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alipofungua darasa zake na msikiti wa Riyadha ukajengwa huko mwanzoni mwa karne ya ishirini, aliingiza maulidi ya Habshi, yaliyotungwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, yakisomwa kwa dufu na matari. Wakubwa wa mji hawakupendezwa. Matari yalitajwa sana katika malalamiko yao, na swali la matari ni swali la haki katika fikihi. Lakini ukiisoma habari yenyewe waona kwamba kilichowaudhi si ngozi ya mbuzi peke yake. Waliokuwa wakipokea ni watu wanyonge wa mji, waliokuwa hawana nafasi katika vikao vya waungwana, na sasa wanamsifu Mtume kwa sauti kubwa, kifua mbele, pamoja na masharifu. Luther na mjakazi wake, ningesema, kama mfano huo hautawaudhi wazee wa Lamu. Kuimba pamoja kuna hatari kwa anayetaka watu wakae kila mmoja kwenye ngazi yake, na hiyo ni sehemu ya nguvu yake ambayo watafiti wa mapigo ya moyo hawakuipima.

Limebaki la wanawake. Pale Mwika, nusu ya sauti, tena ile ya juu inayokata, ni ya wanawake, nao wamesimama ukingoni mwa kaburi. Kwetu mwanamke hafuati jeneza kwa desturi. Wanaume huondoka na tahlili yao, sauti ikipungua kadiri wanavyokata mtaa, na nyumbani hubaki kina mama na kimya kizito kilichochanganyika na kwikwi. Desturi hiyo ina misingi yake na siisemi vibaya. Nasema tu kwamba kimya kile zamani kilikuwa kinajazwa. Bibi zetu walikuwa na nyiradi zao, walikuwa na hitima ya kike, na maulidi ya kike ambayo mwanamume hakuyasikia ila kwa ukutani. Katika nyumba nyingi kazi hiyo leo imeachiwa simu iliyowekwa juu ya kabati, inasoma peke yake, na waliofiwa wameketi kila mmoja na yake. Sauti ya msomaji huyo ni nzuri kuliko ya bibi yeyote. Lakini haimngoji mtu avute pumzi.

Mahadhi ya Barazanji wanayajua wazee waliobaki, na katika mitaa mingine wamebaki wawili au watatu. Milango yake ni migumu, yataka mwalimu na miezi. Kupokea si kugumu: ni maneno machache yanayorudiwa, na mtoto wa miaka saba akikalishwa karibu na babu yake huyashika kwa usiku mmoja.